Kamera Inavyoliongoza Jicho la Mtazamaji

Mtu aketiye mbele ya sinema hudhani kwamba anayatazama mambo kama vile mtu aliye dirishani aitazamavyo njia. Sivyo hata kidogo. Aliye dirishani huigeuza shingo apendavyo. Akichoka na mwuza machungwa huwatazama mbuzi wapitao. Mtazamaji wa sinema hana hiari hiyo. Mtu mwingine amekwisha kumchagulia mahali pa kusimama, umbali wa kusimama, upande wa kutazama, na hata sekunde ngapi atazame. Uchaguzi huo ndio upigaji picha na uhariri wa sinema, na aghalabu ndio unaoamua kama kisa kile kile kitamchekesha mtu au kitamtoa machozi. Wala si jambo la wasanii peke yao, kwa maana ndani yake mna hesabu za nuru, mna elimu ya ubongo, na, kama itakavyoonekana, mna hoja moja iliyopata kutumiwa vibaya sana katika Afrika.

Kwanza ieleweke kwamba picha za sinema hazitembei. Tangu mwisho wa miaka ya 1920, sauti ilipoingia katika sinema, kawaida imekuwa picha 24 kwa kila sekunde, na kila moja imesimama tuli kama picha ya pasipoti. Filamu ya dakika 90 ina picha 129,600. Zilipokuwa katika ukanda wa milimita 35 zilihitaji ukanda wenye urefu wa karibu kilomita 2 na nusu. Vitabu vingi vya shule hueleza kwamba mwendo huonekana kwa kuwa jicho hubaki na picha ya kwanza mpaka ya pili ifike. Maelezo hayo hayatoshi. Kama jicho lingalikuwa linazihifadhi picha tu, zingalirundikana moja juu ya nyingine, na mtazamaji angaliona ukungu, si mtu anayekimbia.

Mambo yenyewe ni mawili. La kwanza ni nuru. Taa iwakayo na kuzimika mara 24 kwa sekunde huonekana ikipepesa, na macho huchoka upesi. Kwa sababu hiyo projekta za ukanda zilitiwa kilango kinachozunguka, kikaikata nuru mara 2 au 3 kwa kila picha, ili mimweko ifikie 48 au 72 kwa sekunde. Hapo macho huona nuru isiyokatika. La pili ni mwendo, nao huundwa na ubongo. Mwaka 1912 mwanasaikolojia Max Wertheimer wa Ujerumani alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mistari miwili ikitokea kwa zamu, mmoja huku na mwingine kule, kwa kupishana sehemu ndogo ya sekunde, watu huona mstari mmoja unaohama. Hakuna kilichohama. Ubongo umeziunga habari mbili kwa namna iliyo ya kawaida zaidi ulimwenguni, yaani kitu kimoja kimetoka hapa kimekwenda pale. Projekta za siku hizi hazina ukanda wala kilango cha namna hiyo, lakini kazi ya ubongo haikubadilika.

Ndugu Auguste na Louis Lumière walipowaonyesha watu filamu zao kwa kiingilio mjini Paris, tarehe 28 Desemba 1895, kila filamu ilikuwa kipande kimoja cha chini ya dakika moja, na kamera ilisimama mahali pamoja kama mtu aliyefika barazani akaamriwa asiondoke. Ilichukua miaka michache tu watu kugundua kwamba kamera yaweza kusogea, na kwamba vipande vilivyopigwa mahali mbalimbali vyaweza kuungwa. Hapo ndipo sinema ilipopata lugha yake.

Katika lugha hiyo jambo la msingi ni umbali. Picha ya mbali huonyesha mtu mzima pamoja na mahali alipo, shamba, mlima, umati. Picha ya kati humkata kiunoni. Picha ya karibu hujaza kiwambo kwa uso peke yake. Katika maisha ya kila siku watu huusogelea uso wa mwingine kiasi hicho kwa sababu chache tu: mapenzi, ugomvi, uuguzi, au siri. Hivyo picha ya karibu humpa mtazamaji ukaribu asioustahili na mtu asiyemjua, na mwili wake huitikia kana kwamba ukaribu huo ni wa kweli. Mwongozaji mwenye busara huitumia kwa uchache. Tamthilia nyingi za televisheni, ambazo hujaza nyuso tangu mwanzo hadi mwisho, zimeifanya silaha hii kuwa butu.

Kuhusu kimo cha kamera, vitabu vya ufundi hupenda kusema kwamba kamera ikiwekwa chini humkuza mtu, na ikiwekwa juu humdhalilisha. Kanuni hiyo ina ukweli, maana kila mtu alikuwa mtoto na aliwatazama wakubwa kutoka chini, lakini si sheria ya maumbile. Katika filamu Citizen Kane ya mwaka 1941 mwongozaji Orson Welles na mpiga picha Gregg Toland waliishusha kamera hata ikabidi sakafu itobolewe, na vyumba vikatiwa dari za kitambaa ili yasionekane mataa ya studio. Kane huonekana mkubwa mno kutoka chini, ndiyo. Lakini mojawapo ya picha hizo ni ile ya usiku alioshindwa uchaguzi, na ukubwa wake hapo ni ukubwa wa mtu aliyeachwa peke yake. Kisa ndicho kiipacho pembe ya kamera maana yake.

Jambo lililo na hesabu nzuri zaidi, na ambalo mwalimu wa fizikia aweza kulifanya darasani, ni uhusiano wa umbali na lenzi. Tuseme Asha na Juma wana kimo sawa. Asha amesimama mita 2 mbele ya kamera, Juma yuko nyuma yake, mita 4 kutoka kwenye kamera. Ukubwa wa taswira hupungua kwa kadiri umbali unavyozidi, kwa hiyo Juma ataonekana nusu ya Asha. Sasa kamera irudishwe nyuma mita 8. Asha yuko mita 10, Juma yuko mita 12. Wote wawili wamekuwa wadogo, lakini Juma sasa ni 10 kwa 12 ya Asha, yaani sehemu 5 katika 6. Ikiwa lenzi ya kwanza ilikuwa ya milimita 25, ikabadilishwa ikatiwa ya milimita 125, Asha atarudia ukubwa wake wa awali sawasawa, kwa kuwa umbali umezidi mara 5 na lenzi nayo imezidi mara 5. Juma, ambaye hakuinua mguu, ataonekana amemjia Asha mgongoni.

Wapiga picha wengi husema kwamba lenzi ndefu hubana vitu na lenzi fupi hutawanya. Kwa ufupi wa usemi si vibaya, lakini kisayansi si kweli. Kinachobana au kutawanya ni umbali wa kamera. Kazi ya lenzi ni kukata sehemu ndogo au kubwa ya kile kilichokwisha kupangwa na umbali. Hii ndiyo sababu mkimbiaji anayepigwa picha kutoka mbali sana kwa lenzi ndefu huonekana anatweta wala hafiki. Akitoka mita 100 hadi mita 90 taswira yake hukua kwa asilimia 11 tu, ilhali akitoka mita 20 hadi 10, hatua zile zile, hukua maradufu. Mwisho wa filamu The Graduate ya mwaka 1967 kijana anakimbilia kanisani kuzuia ndoa, na kamera imewekwa mbali kwa lenzi ndefu. Watazamaji hujishika viti kwa kuwa mbio zote zile hazimsogezi.

Hesabu ya Asha na Juma ikifanywa pole pole mbele ya macho ya watu, kamera ikisogea na lenzi ikirekebishwa papo hapo ili Asha asibadilike, hutokea kitu ambacho jicho la binadamu halijapata kukiona popote pengine: mtu amesimama vile vile, na dunia nyuma yake inavimba au inadidimia. Alfred Hitchcock alikitumia katika filamu Vertigo ya mwaka 1958 kuonyesha kizunguzungu cha mtu aogopaye kimo. Mpiga picha Irmin Roberts ndiye aliyekitengeneza. Kuinua na kushusha kamera ndani ya ngazi ya kweli kungaligharimu fedha nyingi, kwa hiyo ilijengwa ngazi ndogo ya mfano, ikalazwa ubavu, na kamera ikasukumwa juu ya sakafu. Hata hivyo gharama yake ilifika dola 19,000. Steven Spielberg alikirudia katika Jaws mwaka 1975, wakati mkuu wa polisi anapoona ufukweni kwamba papa ameshambulia.

Ngazi hiyo ya mfano ina somo lake. Hakuna mtazamaji aliyetambua kwamba ni ndogo, wala hangeweza kutambua. Taswira iliyopita katika lenzi moja hubeba pembe tu, haibebi ukubwa. Kitu kidogo kilicho karibu na kikubwa kilicho mbali hutoa taswira moja. Ubongo hukisia ukubwa kwa kulinganisha na vitu unavyovijua, na pasipo kitu cha kulinganisha hauna la kushika. Jambo hili likumbukwe, kwa maana litarudi.

Baada ya umbali na lenzi huja mkato, yaani pale kipande kimoja kinapokoma na kingine kuanza. Mkato ni ajabu kuliko yote. Kwa nukta moja mtazamaji huhamishwa kutoka Dodoma hadi Tanga, au kutoka usoni hadi kwenye kisu, wala hashtuki. Katika filamu nyingi za Marekani za miaka ya 1930 kipande kilidumu, kwa wastani, sekunde 10 hivi. Katika nyingi za karne hii ya 21 wastani umeshuka chini ya sekunde 5. Mauaji ya bafuni katika Psycho, filamu ya Hitchcock ya mwaka 1960, huchukua kama sekunde 45 na yamekatwa zaidi ya mara 50, ingawa upigaji wake ulichukua siku 7. Watu wengi waliapa kwamba waliona kisu kikizama mwilini na damu nyekundu ikitiririka. Filamu ile ni ya rangi nyeusi na nyeupe, damu yake ilikuwa sharubati ya chokoleti, na mwili haukuonyeshwa ukipasuliwa. Mtazamaji ndiye aliyeyafanya mauaji kichwani mwake kwa vipande alivyopewa.

Ziko kanuni za kumfanya asishtuke. Iliyo mashuhuri ni ile ya kutovuka mstari, na kila mpenzi wa kandanda ameiona ikifanya kazi. Kamera kuu za televisheni huwekwa upande mmoja wa uwanja. Timu inayoshambulia kuelekea kulia huendelea kuonekana ikielekea kulia, hata kamera zibadilishwe mara ngapi. Kamera moja ikiwekwa ng'ambo ya pili, timu hiyo hiyo kwa ghafla itaonekana inashambulia goli lake yenyewe. Ndiyo maana picha za kutoka ng'ambo hutumiwa hasa katika marudio, na mara nyingi mtazamaji huarifiwa kwa maandishi.

Kanuni hizi zikifuatwa, watu husamehe mengi. Mwaka 1997 wanasaikolojia Daniel Levin na Daniel Simons wa Marekani walitengeneza filamu fupi ambamo mtu anainuka kwenda kupokea simu. Baada ya mkato simu inapokewa na mtu mwingine kabisa, mwenye nguo nyingine. Kama theluthi moja tu ya watazamaji walitambua. Wengine walifuata tendo, na tendo halikukatika, basi walitosheka.

Jaribio linalotajwa kuliko yote ni la Mrusi Lev Kuleshov, lililofanywa karibu na mwaka 1920. Alichukua uso mtulivu wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin akauunga na picha ya bakuli la supu, kisha na ya maiti, kisha na ya tatu, ambayo wasimulizi hawakubaliani ilikuwa ya nini. Inasemekana watazamaji walimsifu mwigizaji kwa jinsi alivyoonyesha njaa na huzuni, ilhali uso ulikuwa ule ule. Yafaa kusema wazi kwamba ukanda wenyewe haupo, na kwamba habari zake zatoka katika simulizi za baadaye. Stephen Prince na Wayne Hensley walilirudia mwaka 1992 wasipate matokeo hayo. Wengine walilirudia mwaka 2006 na 2016 wakayapata kwa kiasi. Hivyo yaelekea athari ipo, lakini ni ndogo kuliko hadithi yake.

Vipimo vya ubongo vimetoa ushahidi ulio thabiti zaidi. Uri Hasson na wenzake, mwaka 2008, walilinganisha ubongo wa watazamaji mbalimbali waliotazama filamu moja. Walipotazama kisa kilichoongozwa na Hitchcock, asilimia 65 ya gamba la ubongo ilifanya kazi kwa mlingano kati ya mtu na mtu. Kwa filamu ya kauboi ya Sergio Leone ilikuwa asilimia 45. Kwa picha za bustani ya mjini New York, zilizopigwa na kamera iliyosimama bila mkato wowote, ilikuwa chini ya asilimia 5. Kwa maneno mengine, kamera ikiachwa tu kila mtu huangalia lake. Mwongozaji hodari huwafanya mamia ya watu waliokaa gizani wafuate jambo moja kwa wakati mmoja.

Je, lugha hii hufahamika na kila mtu, au ni lazima ifundishwe? Hapa ndipo Afrika Mashariki inapoingia. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na mradi wa filamu za elimu uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika, chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham. Ulitengeneza filamu 35 hivi, juu ya safura, mmomonyoko wa udongo, kuweka akiba posta na kadhalika, zikazungushwa kwa lori hadi Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, pamoja na sahani za santuri zenye maelezo kwa lugha za wenyeji. Mwaka 1939 Uingereza ikaunda idara maalumu ya filamu za makoloni, chini ya William Sellers, aliyekuwa afisa wa afya Nigeria. Idara hiyo ilishika kanuni kwamba Mwafrika haelewi sinema ya kawaida: apewe vipande virefu, mwendo wa pole, kamera isisogee, na hila zote ziepukwe.

Ushahidi uliorudiwa sana ulikuwa hadithi ya mbu. Wanakijiji, ilisemekana, walionyeshwa filamu ya malaria yenye picha ya mbu iliyojaza kiwambo. Walipoulizwa, walijibu kwamba kwao hakuna hatari, kwa kuwa hawana mbu wakubwa namna ile. Hadithi hii ilisimuliwa kila mara kana kwamba ilitokea mahali pengine, jambo ambalo peke yake lingetosha kumtia mtu mashaka. Lakini hata kama ilitokea, yaonyesha nini? Mbu wa milimita 5 akijaza kiwambo cha mita 2 amekuzwa mara 400, na ndani ya picha hamna kidole wala punje ya mchele ya kulinganisha naye. Kama ilivyokwisha kuonekana, picha ya namna hiyo haibebi ukubwa kwa mtu yeyote, awe wa Usambara au wa London. Kosa ni la mpiga picha. Tena haikuulizwa kama wale wazee walikuwa wakimtania mgeni.

Wakati kanuni hiyo ikifuatwa ofisini, watu wa Zanzibar na Dar es Salaam walikuwa wakilipa viingilio vyao katika majumba ya sinema kutazama filamu za Misri, za Kihindi na za Marekani. Awara ya Raj Kapoor, iliyotolewa mwaka 1951, ilipendwa mno katika pwani hii. Ndani yake mna ndoto ndefu yenye mawingu, ngazi zipandazo angani na mikato ya kila namna, tena maneno ni ya Kihindi. Hakuna aliyesimama mlangoni kuwaeleza watu maana ya mkato.

Ushahidi wa majaribio ulichelewa sana. Mwaka 2010 Stephan Schwan na Sermin Ildirar walichapisha utafiti walioufanya katika vijiji vya milimani kusini mwa Uturuki, kwa watu wazima ambao walikuwa hawajapata kutazama filamu wala televisheni. Waliwaonyesha vipande vifupi vyenye mikato mbalimbali. Palipokuwa na tendo linalojulikana likiunga vipande, kama kazi ya nyumbani iendeleayo hatua kwa hatua, walifuata bila taabu. Pasipokuwa na tendo hilo walipotea zaidi kuliko watazamaji wazoefu. Matokeo haya hayaungi mkono wale wasemao kwamba sinema huelewka bila kujifunza chochote, wala wale waliodhani kwamba mtu mzima asiyeizoea hana akili yake. Sehemu kubwa ya lugha ya kamera imejengwa juu ya uwezo ule ule ambao ubongo huutumia shambani na jikoni. Sehemu ndogo ni desturi, nayo hujifunzwa upesi.

Shule yoyote iliyo na simu moja ya mwalimu yaweza kujaribu. Mwanafunzi mmoja apigwe picha ya uso kwa sekunde 10, akiwa ameagizwa asifikiri lolote. Kisha vipigwe vipande vya sahani ya wali, kitanda cha mgonjwa kilicho kitupu, na mtoto anayecheza, sekunde 5 kila kimoja. Uso ule ule uungwe na kimoja kimoja, zipatikane filamu tatu. Darasa ligawanywe makundi matatu, kila kundi litazame filamu moja tu bila kujua za wenzao, na kila mwanafunzi aandike peke yake, kabla ya kuzungumza na jirani, mtu yule anahisi nini. Majibu yahesabiwe na kuwekwa katika jedwali. Makundi yawe na watu 20 au zaidi kila moja, kwa kuwa athari inayotafutwa ni ndogo, na katika kundi la watu 5 bahati peke yake yaweza kutoa jibu lolote.